Nyama ya Bungoma, Maharagwe ya Kitale

Hapana, mimi sijasema nyama ni mbaya. Wewe ndiye ulisema, pale kwa benchi ya kliniki, ati mtu wa kifua akilishwa maharagwe ni kama ameshachimbiwa shimo. Ukasema nyama ni ghali ndiyo, lakini jeneza ni ghali zaidi. Watu wakacheka, hata mimi nikacheka, halafu ukaitwa ndani na sikupata nafasi ya kukujibu. Sasa nakujibu. Wewe ndiyo unaanza dawa, na niliona vile ulikuwa unahesabu sarafu za kurudi nyumbani. Mimi dawa zangu nimemaliza. Hayo maneno yako niliyaamini kabla yako, na karibu yanikosanishe na mtu ambaye alikuwa ananiweka hai.

Jina langu ni Nanjala. TB ilinishika nikiwa nimeshamaliza form four. Kwetu ni upande wa Malakisi, Baba analima tumbaku, na kwa sababu ya tumbaku watu walikuwa wanasema kikohozi changu ni moshi tu, itaisha. Haikuisha. Kufika Aprili sketi yangu ya shule ilikuwa inanizunguka yenyewe kwa kiuno, nikiketi inabaki ikiangalia upande. Nilikuwa naamka shuka imelowa kama imetoka kwa karai. Hospitali huko Bungoma wakanipima kilo, thelathini na tisa, wakanipa kadi na dawa za kumeza kila asubuhi tumbo ikiwa tupu. Sista akaniambia, "Usiruke siku hata moja. Na ukule vizuri."

Hakusema vizuri ni nini. Shida yote ilianzia hapo.

Baba hakuwa na swali. "Vizuri ni nyama," alisema tukiwa bado kwa geti. "Huyu atakula nyama mpaka hiyo kitu itoke." Na kweli alijaribu. Alikuwa anakuja na nusu kilo imefungwa kwa gazeti, anampa Mama, anasema kwa sauti, "Hii ni ya mgonjwa."

Sasa niambie, kwenu nyama ikiingia kwa sufuria inakaa ya mgonjwa? Kwetu harufu ilikuwa inatoka tu kwa dirisha, na wageni wanafika. Walikuwa wanakuja kuniona, siwezi sema uongo. Wananishika mkono, wanaomba, na yule mjomba wangu anaomba maombi ndefu mpaka kitunguu imeshaiva. Mgeni akifika wakati wa chakula huwezi kumwacha aangalie. Mama anakata vipande vidogo, anaongeza maji. Wanaume wanapewa kwanza, halafu wageni wanawake, halafu mimi. Siku Baba alichinja kuku, firigisi ilikuwa yake, hiyo hata haiulizwi. Mapaja yakaenda kwa mzee wa kanisa na mjomba. Mimi nilipata shingo, bawa moja na supu.

"Supu ndiyo ina nguvu yote," mjomba aliniambia, akinyonya mfupa wa paja.

Nilianza kuwaangalia. Nilikuwa nalala kwa kiti nimefunga macho lakini nasikiliza nani amekuja siku ya nyama na nani amekuja siku ya mboga. Siku ya mboga hakukuwa na mtu. Hiyo niliiandika kwa daftari yangu.

Mwezi wa Juni mvua ilikuwa imeshusha baridi na mimi sikuwa na mafuta ya kuzuia baridi mwilini. Nilikuwa natetemeka mpaka kikombe inagonga meno. Baba akanivalisha kabuti lake, lile la zamani alipokuwa askari wa kulinda stoo. Nzito, imepita magoti yangu, na kwa mfuko kulikuwa na kufuli moja kubwa ambayo ufunguo wake ulipotea kabla nizaliwe. Nililala nayo, nikakunywa chai nayo, nikaenda nayo foleni ya hospitali. Foleni huko ilikuwa nje kwa veranda, tangu asubuhi mpaka saa saba, na watu wakijua wewe ni wa kifua wanaacha nafasi ya mtu mmoja kati yenu kwa benchi. Ilikuwa kama nyumba hilo kabuti. Nilijificha ndani.

Mizani ikasoma arobaini na nne. Mama alikuwa na tumbo ya miezi nane lakini alipiga kigelegele hapo veranda mpaka watu wakageuka.

"Si niliwaambia?" Baba akasema. "Nyama."

Wiki mbili baadaye Mama akajifungua, na mimi nikaambiwa nitaenda Kitale kwa Senge, dada mkubwa wa Baba, kwa sababu ya mtoto. Hakuna mtu alinifukuza. Walisema kwa upole sana. Lakini niliona vile nguo zangu zilikuwa zimeshapangwa kwa begi kabla niambiwe, na hiyo upole sikuiamini hata kidogo.

Senge ni mjane. Anakaa chumba kimoja na pazia katikati, kwa ploti karibu na msikiti, na ana kibanda cha nafaka sokoni. Siku ya soko anaenda Kachibora kununua maharagwe kwa wakulima wenyewe, anarudi na gunia. Jioni ya kwanza alinipikia ugali, maharagwe na saga, ile mboga chungu ya kienyeji. Ya pili, ugali, mrenda na maharagwe. Ya tatu, ndengu. Asubuhi nikimeza dawa ananiacha nitulie, halafu ananiletea uji na maziwa, na saa nne viazi vitamu au ndizi. Saga alikuwa anaitia njugu iliyosagwa, inakuwa nzito kama supu ya wageni. Ilikuwa tamu. Lakini haikuwa nyama, na mimi nilikuwa naijua bahasha.

Kwa sababu Baba alikuwa anatuma bahasha kila mwezi kwa dereva wa lori ya mahindi, na juu ameandika kwa mkono wake, NYAMA YA NANJALA. Niliiona Senge akiifungua. Wiki ikaisha, sikuona nyama. Mbili zikaisha.

"Senge," nikamwambia, "Baba si alituma ya nyama?"

"Alituma."

"Sasa?"

Hakukasirika. Alichukua gorogoro, ule mkebe wa kupimia, akajaza maharagwe akamwaga kwa sinia. Akajaza tena, akamwaga. "Hii yote ni kilo moja ya nyama," akasema. "Na bado nabaki na ya saga. Nikinunua hiyo kilo utakula Jumamosi, labda na Jumapili. Jumatatu mpaka Ijumaa utakula nini? Harufu?"

"Lakini Baba amesema nyama."

"Ndugu yangu anasema vizuri. Yeye hapiki."

Kwa daftari niliandika: *Anajua kuongea.*

Kutoka hapo sikupumzika. Alipotoka Kachibora nilikuwa namsaidia kuvua leso ndiyo niinuse kama ina harufu ya nyama choma. Ilinuka moshi na vumbi ya maharagwe. Moshi! Nikaandika moshi, nikapiga mstari chini. Nilienda nyuma ya ploti kwa shimo la takataka kuangalia mifupa, nikapata mmoja, nikafurahi kama mtu ameokota pesa, mpaka mbwa wa caretaker akaja kuuchukua. Niliona kwamba maziwa inaletwa kila asubuhi lakini Senge sijawahi kumwona akikunywa. Chai yake ni strungi, nyeusi tii. Nikajiambia, hakuna mtu wa kununua maziwa na kukunywa strungi. Lazima anakunywa nikilala.

Ugonjwa unakuharibu kichwa hivyo. Mkojo ulikuwa mwekundu kwa sababu ya dawa na choo ilikuwa ya ploti yote, kwa hivyo nilikuwa nasubiri watu waende kazi ndiyo niende. Nilisikia mama mmoja akiambia mwenzake kwa kamba ya nguo, "Ati ni TB. TB peke yake?" Ukisikia hivyo mara mbili unaanza kusikia hata kama hawajasema.

Mtu mmoja tu hakuniogopa, Mama Zubeda wa mlango wa tatu, ambaye alikuwa anatuuzia maziwa. Wengine wakinipa kitu wanaweka chini kwanza, ndiyo niokote. Yeye alikuwa ananishikisha jagi mkononi, vidole vyake kwa vyangu, na anauliza, "Umeamkaje mwanangu? Leo umekohoa mara ngapi?" Kama anauliza bao za mpira. Nikimwambia mara tatu anasema, "Jana zilikuwa tano. Tunashinda."

Julai nikaenda kliniki ya Kitale. Sista wa huko alikuwa mkali, anataka kila mtu abaki na nguo moja, aache viatu mlangoni. Arobaini na moja.

Niliangalia hiyo nambari mpaka sista akaniuliza kama nimekuwa kipofu. Nyama ya Bungoma ilinifikisha arobaini na nne. Maharagwe ya Kitale yamenirudisha arobaini na moja. Kilo tatu zimeenda wapi? Agosti nikapima tena, arobaini na mbili. Bado. Nguvu nilikuwa nasikia imerudi, nilikuwa napanda ile mlima ya sokoni bila kusimama, mashavu yalikuwa yanajaa, lakini nambari ni nambari. Nikaandikia Baba barua. Niliandika kwamba pesa ya nyama inakuja na nyama haiji. Niliandika kwamba nalishwa chakula ya mabweni. Niliandika, na hii ndiyo mbaya zaidi, "Sijui Senge anaipeleka wapi, lakini maziwa pia inapotea." Nikampa dereva wa lori mwenyewe.

Jumatano ile nyingine mtu wa simu ya jamii akamwita Senge, ndugu yake yuko kwa laini. Nilimfuata kwa umbali. Sikusikia maneno ya Baba lakini nilimwona Senge ameshika ile simu kwa mikono miwili, anasema "Hapana," halafu "Hapana, Mungu ananiona," halafu akairudisha. Alilipa, akarudi nyumbani mbele yangu. Akaniambia, "Baba yako anakuja Jumamosi kukuchukua. Na amesema nisikanyage tena kwa boma."

Hilo ni boma alizaliwa.

Akachukua sufuria, akanipikia uji. Akatia maziwa. Akanikabidhi kikombe. "Kuna mtu amepeleka maneno," akasema, "na ni mtu anajua mambo ya maziwa." Akaangalia mlango. "Na nilikuwa namwita rafiki."

Kesho yake hakunituma kwa Mama Zubeda. Alivuka barabara akanunua ya pakiti, ambayo ni ghali na ni kidogo. Mama Zubeda alikuwa amesimama kwa mlango wake na jagi. Akasema, "Mama, leo vipi?" Senge akapita kama hajaitwa. Mimi nilikuwa dirishani na kikombe. Nilijua ninafaa kufungua mdomo. Nikajiambia, ngoja kwanza nipate ushahidi, kwa sababu kama kweli Senge anakula pesa, basi hayo mengine ni yake.

Baba alinifunza kitu moja kuhusu mizani. Mkulima wa tumbaku hawezi kuamini mizani moja. Anapima nyumbani, anapima njiani, ndiyo anaenda kwa mnunuzi. Kwa hivyo Ijumaa asubuhi nikavaa kabuti, kulikuwa na ile baridi ya Kitale ya kuuma masikio, nikaenda stoo ya mahindi huko nyuma ya soko. Hiyo mizani si ya hospitali na si ya Senge. Ni ile ya chini, ya chuma, wanapanga magunia juu na kusukuma kile kipimo kwa mkono.

Vijana wa kubeba walikuwa wamekaa juu ya magunia. Mmoja, Barasa, nilimjua, ndiye alikuwa analetea Senge mzigo.

"Niaje, Nanjala. Umekuja kununua ama kujiuza?"

"Nataka kupimwa."

Wakacheka vibaya. "Huyu hafiki hata nusu gunia! Atapeperuka!"

"Pima tu, bana."

Nikapanda. Barasa akasukuma kipimo, akarudisha kidogo. "Kiro arobaini na sita."

Sita! Nilitaka kuruka. Halafu hapo hapo nikashuku. Kliniki ilisema mbili. Sasa ni sita? "Hii mizani yenu imeharibika," nikamwambia.

"Aka! Hii mizani haijawahi kudanganya mtu. Wewe ndiyo unadanganya mizani." Akanivuta mkono wa kabuti. "Toa hii kitu. Hapa tunapima mahindi, hatupimi gunia. Si kila mara tunatoa kiro ya gunia kwanza?"

Nikatoa. Nikapanda na nguo moja, na baridi. Akasukuma. "Arobaini na mbili. Sawa sawa na hospitali yako."

Nilisimama hapo juu ya chuma. Wenzake walikuwa bado wanacheka, mmoja alikuwa amevaa kabuti lenyewe anatembea kama askari. Nikaomba walirudishe, wakaliweka juu ya mizani peke yake, na ile kufuli ndani.

"Nne," Barasa akasema. "Bana, hii ni kondoo."

Bungoma nilipimwa nayo. Hiyo ndiyo nilikumbuka, veranda, foleni, Mama na kigelegele chake, na mimi ndani ya kabuti kama ndani ya nyumba. Hakuna mtu aliniambia nitoe. Arobaini na nne ilikuwa mimi arobaini na kabuti nne. Miezi miwili ya nyama ya wageni iliniongeza kilo moja. Miezi miwili ya maharagwe, saga na maziwa iliniongeza mbili. Hakuna kilo zilipotea. Hazikuwako.

Sisemi ni maharagwe peke yake. Dawa ilikuwa inafanya kazi pia, na labda ingefanya hata kama ningekula mawe. Na nikuambie tena kitu kingine, kwa sababu wewe ndiye ulitaja bei: ile nyama ya Bungoma haikuwa imepotea yote. Ilileta watu. Kitale nilikula nikashiba na hakuna mtu alikuja kuniombea hata maombi fupi. Hiyo pia ni gharama, na sijui utaiweka upande gani. Lakini kama una pesa kidogo na unataka chakula ya wiki nzima iingie kwa mdomo wako wewe, mgonjwa, nunua ile kitu haina wageni.

Nilizunguka na kabuti mkononi mpaka jioni, ndiyo nikaenda sokoni. Senge alikuwa kwa kibanda, jua linaanza kushuka, anachagua mawe kwa maharagwe. Kando yake kulikuwa na kikombe chake, strungi. Nilikiangalia. Nilikuwa nimekiona kila siku kwa miezi miwili. Maziwa yote yaliyoingia kwa hiyo nyumba yalikuwa yameingia kwangu.

"Umetembea na baridi bila kuvaa?" akaniuliza. "Unataka ndugu yangu apate la kusema?"

"Senge," nikaanza.

"Nini?"

Wateja wawili wakafika, wanauliza bei ya ndengu. Nikasema, "Hakuna." Mdomo wangu ambao ulikuwa mwepesi kwa barua, hapo ulikuwa na uzito kuliko hiyo kufuli.

Nikaketi nikachagua maharagwe na yeye. Mawe upande huu, nzima upande ule. Alisema tu nikirudi Malakisi nimwambie Mama aloweke maharagwe usiku, yanakula kuni kidogo, na nisikubali kupikiwa saga bila njugu. Alikuwa ananipangia nitakula nini kwa boma ambayo yeye amekatazwa kukanyaga.

Hapo ndipo niliamua, na nikaandika kwa daftari kabla giza iingie ndiyo nisijidanganye. Kesho asubuhi niamke kabla ya Senge. Nichukue jagi, niende kwa Mama Zubeda, nimwambie yeye kwanza, nikiwa nimesimama mlangoni, kwamba barua ilikuwa yangu. Akinifukuza, ni sawa. Akinipa maziwa, nipike chai vikombe viwili, zote mbili nyeupe, niweke kimoja mbele ya Senge nimwambie kabla hajameza. Halafu Baba akishuka kwa lori, kabla hajasalimia mtu, kabla hajaketi, nimvalishe kabuti lake na nimpeleke kwa Barasa. Apimwe nalo. Avue, apimwe bila.